Sauti Isiyofika

Jumamosi jioni katika mwalo wa Kibirizi, kaskazini ya mji wa Kigoma, huchezwa mechi mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza huchezwa juu ya ardhi ngumu isiyo na nyasi, na vijana wa papo hapo. Usiku wa giza vijana hao huwa ziwani na taa zao wakivua dagaa. Mbalamwezi inapowakatiza kazi, hurudi kwenye mpira. Ya pili huchezwa Uingereza, nayo hutazamwa ndani ya kibanda cha mabati, mbele ya runinga moja na mabenchi yaliyobanana. Ya kwanza haina kiingilio, na watazamaji wake ni wa kuhesabika. Ya pili ina kiingilio, na watu wamesimama mpaka mlangoni. Apitaye kati ya sehemu hizo mbili husikia jambo la ajabu: kelele za goli zinatoka mahali ambapo hakuna mpira.

Watu wazima wameshalizoea jambo hili, nao hulicheka. Kijana amenuna siku mbili kwa sababu Arsenal imefungwa. Mwenzake amempa nduguye mgongo kwa ajili ya Manchester United. Wa tatu hajui jina la kipa wa mtaa wake, lakini anaweza kutaja kikosi kizima cha Liverpool pamoja na walioketi benchi. Huitwa mapenzi, na mapenzi hayahojiwi. Hata hivyo, mapenzi yanayotoa mali, muda na machozi yana haki ya kuulizwa swali moja: yule unayempenda anakusikia?

Kwa shabiki wa Kibirizi, umbali huu ni wa namna mbili. Uko umbali wa Ulaya, ambao kila mtu anauona. Uko pia umbali wa Kariakoo, ambao hauonekani kwa sababu umevaa bendera ya taifa. Kutoka Kigoma mpaka Dar es Salaam kwa reli ni kilomita 1,250 hivi. Jua la Kigoma huzama takriban dakika arobaini baada ya jua la Dar es Salaam, ingawa saa za ukutani zinasema mamoja. Pamoja na hayo, mtoto wa Kibirizi huzaliwa Simba au Yanga kama azaliwavyo na kabila la babaye. Mji uliopewa sifa ya kuwa mwisho wa reli, tangu reli ya Wajerumani ilipoufikia mwaka 1914, umejizoeza kuamini kwamba kila jambo la maana huanzia upande wa pili wa reli hiyo.

Watetezi wa shabiki wa mbali wana hoja, na si haki kuzipita kama hazipo. Ya kwanza ni hoja ya uzuri. Wanasema mpira ni sanaa, na mpenda sanaa hafungwi na kitongoji chake. Ikiwa mchezo bora unachezwa Anfield, kwa nini macho yalazimishwe kutazama vumbi? Hoja hii ni nzuri, na nusu yake ni kweli. Hakuna mwenye akili atakayemkataza mtu kutazama kilicho bora. Lakini kutazama ni jambo moja, na kuwa wa mahali ni jambo jingine. Mwalimu Nyerere alipomfasiri Shakespeare, na *Mabepari wa Venisi* ikachapishwa mwaka 1969, alimkaribisha mgeni katika nyumba ya Kiswahili, na mwenyeji akapona kwa kuja kwa mgeni huyo. Hakuwaambia washairi wa Kiswahili wafunge madaftari yao kwa kuwa Mwingereza amekwisha kuandika vizuri zaidi. Yeye mwenyewe aliendelea kutunga. Tafsiri humleta mgeni barazani; haimhamishi mwenyeji. Kilichotokea kwenye vibanda vya mpira si tafsiri. Ni mwenyeji kuondoka nyumbani kwake, kwenda kusimama nje ya dirisha la nyumba ya wengine, akishangilia karamu asiyoalikwa.

Hoja ya pili ni ya umoja. Wanasema Simba na Yanga ndizo zilizowafanya mtu wa Kigoma, wa Lindi na wa Mara wazungumze lugha moja ya utani, na nchi isingekuwa hivi ilivyo bila klabu hizo mbili. Hili nalo lina ukweli wake. Yanga ya 1935 na Simba ya 1936 ni sehemu ya historia ya nchi, na utani wao umezuia ugomvi mwingi kuliko ulioleta. Lakini wanaoitaja historia hiyo waitaje yote. Simba ya leo iliwahi kuitwa Sunderland, jina la mji na klabu ya Uingereza, mpaka mwaka 1971 ilipojivua jina hilo na kuchukua la Kiswahili. Wazee wale waligundua kwamba mtu hawezi kuwa yeye mwenyewe kwa jina la mji asioujua. Inashangaza kwamba wajukuu wao, nusu karne baadaye, wanalirudia vazi lile lile kwa hiari, wakilinunua sokoni likiwa limeandikwa jina la mchezaji mgongoni.

Na umoja una gharama, ambayo hulipwa na mikoa. Hesabu yake iko wazi. Mseto ya Morogoro ilikuwa bingwa mwaka 1975, Tukuyu Stars ya Mbeya 1986, Coastal Union ya Tanga 1988, Mtibwa Sugar ya Morogoro 1999 na 2000. Tangu hapo, mpaka msimu uliomalizika mwaka 2025, hakuna timu ya nje ya Dar es Salaam iliyouchukua tena ubingwa wa Ligi Kuu ya Bara. Robo karne nzima kombe halijapita mzani wa Kibaha. Watu husema ni fedha, na ni kweli kwamba ni fedha. Lakini fedha hufuata macho, na macho ya nchi nzima yamepelekwa mitaa miwili ya Kariakoo kwa hiari ya wenye macho.

Kigoma yenyewe ina ushahidi wa karibu. Tarehe 25 Julai 2021 fainali ya Kombe la Shirikisho ilichezwa katika Uwanja wa Lake Tanganyika, Simba ikaifunga Yanga 1–0 kwa goli la Mganda Taddeo Lwanga. Mji ulifurika. Hoteli zilijaa, mama lishe waliuza, na kila mtu alisema Kigoma imeingia kwenye ramani. Iliingia, lakini kama ukumbi wa kukodi unavyoingia kwenye kadi ya harusi: kwa anwani yake, si kwa jina la bwana harusi wala bibi harusi.

Sasa linganisha na jambo la pili. Desemba 2018, Mashujaa ya Kigoma, ikiwa bado daraja la chini, ilikwenda Dar es Salaam ikaifunga Simba 3–2 na kuitoa katika Kombe la Shirikisho. Mwaka 2023 ikaishinda Mbeya City katika mchujo na kupanda Ligi Kuu. Aprili 2024, nyumbani Kigoma, ikakutana na Simba tena katika kombe hilo hilo, wakatoka sare ya 1–1, na Mashujaa ikaitoa kwa mikwaju ya penalti. Mji wowote duniani ungeimba habari hizi kwa vizazi viwili. Na hapa msomaji na ajiulize swali linalouma: jioni ile ya Aprili, ni wana Kigoma wangapi waliorudi nyumbani wakiwa na huzuni? Mtu anayelia kwa sababu mji wake umeshinda amepotewa na kitu, na si rahisi kumweleza amepotewa na nini.

Hapo mtetezi wa shabiki wa mbali hutoa hoja yake ya tatu, nayo ndiyo nzito kuliko zote. Husema: Mashujaa si ya Kibirizi. Ni timu ya Jeshi la Wananchi. Haikuzaliwa mwaloni, haina wanachama mwaloni, na jeshi likiamua kuiondoa halitamwuliza mvuvi. Kabla yake palikuwa na RTC Kigoma, iliyolelewa na kampuni ya umma ya biashara. Kampuni za namna hiyo zilipokufa, timu zao zilikufa nazo. Basi kwa nini mtu ampe moyo wake mlezi asiye na hakika, ikiwa Manchester itakuwapo kesho na keshokutwa?

Jibu ni kwamba hoja hii imeshika mkia ikadhani ni kichwa. Timu za mikoani hazikukosa watu kwa sababu zilikuwa za mashirika. Zilibaki kuwa za mashirika kwa sababu zilikosa watu. Pamba ya Mwanza ililelewa na shirika la umma vile vile, ikaporomoka, ikasota miaka mingi nje ya ligi kubwa. Ilirudi mwaka 2024 kwa sababu mji wake ulikataa kuisahau, halmashauri ya jiji ikaibeba. Timu isiyo na watu huwa ya yule anayelipa nauli, awe jeshi, mgodi au tajiri mmoja, na mlipaji huyo akichoka, timu huisha. Mwenye kulalamika kwamba timu ya mji si yake, naye hajawahi kwenda kuidai, ni kama mtu anayelalamika kuwa shamba lina magugu ilhali jembe lake liko kwa jirani likilima la jirani.

Na Kibirizi hawafundishwi maana ya kumiliki kitu kwa pamoja. Mwenye chombo, mwenye nyavu na wavuvi wake wanajua kugawana mapato ya usiku mmoja. Kila mtu analijua fungu lake, na asiyepewa haki yake husema alfajiri ile ile, mbele ya watu, dagaa wakiwa bado mchangani. Watu wenye ustadi huo wa kudai fungu lao kwenye chombo wanakuwaje mabubu kwenye jambo wanalodai kulipenda kuliko yote?

Hapa ndipo lilipo jambo lenyewe. Tofauti kati ya timu ya mbali na ya nyumbani haiko katika ubora wa mpira. Iko katika kufika kwa sauti. Timu yako ni ile inayoweza kukusikia: ukiizomea, mchezaji hugeuka, ukiisifu, mamaye husikia sokoni, viongozi wake wakila fedha, unajua nyumba zao zilipo. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na wala haimchungi mbuzi.

Waingereza wenyewe, ambao vijana wa mwaloni huwaiga katika kila kitu, wanalijua hili kuliko wote. Tarehe 18 Aprili 2021 klabu 12 za Ulaya, sita kati yake za Uingereza, zilitangaza kuanzisha ligi yao ya matajiri. Watetezi wa mpango ule walisema wanawafikiria watazamaji wa dunia nzima. Yaani, pamoja na wengine, kijana wa Kibirizi. Siku mbili baadaye mashabiki wa Chelsea walijaa barabarani nje ya uwanja wao wa Stamford Bridge, na kabla ya usiku ule kwisha klabu zote sita za Uingereza zilikuwa zimetangaza kujitoa. Nani alisikilizwa? Mamilioni waliotajwa kwa jina la dunia hawakuulizwa neno. Waliosikilizwa ni wale walioweza kwenda langoni kwa miguu yao.

Tena kuna mfano ulio mkali zaidi. Familia ya Glazer ya Marekani ilipoinunua Manchester United mwaka 2005, baadhi ya mashabiki wa mji ule, watu waliorithi jezi kutoka kwa babu zao, waliiacha klabu tajiri wakaunda yao ndogo, FC United of Manchester, iliyoanzia daraja la kumi. Ni mali ya wanachama, na kila mwanachama ana kura moja. Miaka mitatu kabla yao, mashabiki wa Wimbledon, klabu yao iliporuhusiwa kuhamia Milton Keynes, walikataa kuifuata. Wakaunda AFC Wimbledon, ikapanda daraja moja baada ya jingine mpaka mwaka 2020 ikarudi kuchezea katika mtaa wao wa Plough Lane. Watu hawa hawakusema mpira hauna mipaka. Walisema: timu isiyo ya hapa si yetu, hata ikibaki na jina. Anayetaka kumwiga Mwingereza kwa dhati basi na amwige katika hili. Vingine vyote ni kuazima nguo bila kuazima mwili.

Na nguo yenyewe si kitu kitupu. Mwaka 2018 Rwanda iliingia mkataba na Arsenal, jina la nchi hiyo likawekwa kwenye mkono wa jezi. Mapema mwaka 2025, Goma ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23, serikali ya Kongo iliziandikia Arsenal na klabu nyingine za Ulaya kuzitaka zivunje mikataba yao na Rwanda. Kabla mwaka haujaisha, Kongo nayo ilikuwa imekwisha kuandikiana mikataba na Milan, Monaco na Barcelona. Kibirizi inaitazama Kongo ng'ambo ya maji, na mkoa wa Kigoma ndio ulio na kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita. Kijana wa mwaloni aliyevaa jezi ile hakukusudia kusema lolote juu ya vita vya majirani zake. Lakini jezi ilisema, naye ndiye aliyeibeba. Hivyo ndivyo inavyokuwa kwa mtu aliyeuazima moyo wake mbali: husemewa maneno asiyoyajua, na hana mlango wa kubisha ayakanushe.

Kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti 2024 uvuvi ulisimamishwa katika Ziwa Tanganyika ili samaki wapate kuzaliana. Sababu ilikuwa njema, lakini miezi mitatu ni mirefu kwa aishiye kwa pato la usiku. Katika miezi hiyo vijana wa mialo walikuwa na muda kuliko walivyopata kuwa nao. Hakuna klabu ya London iliyojua, wala haikupaswa kujua. Lakini timu ya mtaa yenye watu nyuma yake ingekuwa mahali pa kwenda, pa kulaumiana na kucheka, pa kujuana ni nani hana chakula nyumbani. Mchezaji wa mchangani anayeugua huchangiwa na waliomwona akicheza. Asiyeonekana na mtu haombewi.

Wasomaji wa visiwani wasidhani kwamba wanasomewa dhambi za bara. Ujiji na Unguja ni ndugu wa zamani, ncha mbili za njia moja ya misafara, na maradhi yao ni mamoja. Mlandege ilitwaa Kombe la Mapinduzi mwaka 2023, na Januari 2024 ikalitwaa tena kwa kuifunga Simba 1–0 katika fainali. Timu ya mtaa mmoja wa mji wa Zanzibar iliitoa jasho klabu yenye mashabiki nchi nzima. Anayekumbuka siku ile na azikumbuke pia siku ambazo Mlandege hucheza ligi ya nyumbani, mabaraza yakiwa yamejaa na majukwaa yakiwa wazi. Wahenga waliokataza kuacha mbachao kwa msala upitao hawakusema mbachao ni mzuri kuliko msala. Walijua umechakaa. Walisema tu kwamba huo ndio utakaoukuta nyumbani jioni.

Hakuna anayeombwa kuichoma jezi ya Liverpool, wala kuacha utani wa Simba na Yanga, ambao ni chumvi ya nchi hii. Kinachodaiwa ni kidogo, na kwa udogo wake hakina udhuru. Kiingilio cha kibanda cha Jumamosi moja katika mwezi kipelekwe kununua mpira na chokaa ya kuchorea mistari. Siku Mashujaa inapocheza na wakubwa wa Kariakoo, mwana Kigoma aamue kwanza yeye ni wa wapi, kisha ndipo achague upande wa kuketi. Kiwanja cha mtaa kinapotajwa katika mkutano kwamba kipimwe viwanja vya nyumba, waliokuwa wakishangilia magoli ya Uingereza wawe na la kusema; kwani hakuna kipa aliyezaliwa na jezi ya Msimbazi au ya Jangwani mwilini, na kila aliyefika huko alianza kudaka mipira katika vumbi la mahali fulani, mbele ya watu fulani waliojali kusimama.

Jua la Kigoma, kwa kuchelewa kwake, huuacha mwanga kiwanjani mpaka karibu na saa moja, muda ambao Dar es Salaam kumekwisha kuwa giza. Mechi ya Uingereza itarudiwa usiku, na kesho, na wiki nzima. Ile ya Kibirizi hairudiwi.